Somo: Daktari Kijana Anahitaji Muda wa Kuuliza

Je, umewahi kumwona mtoto ambaye taya limevimba na meno yanalegea, halafu watu wanasema, "Ni jino tu"? Wengine hukimbilia kuling'oa. Wengine husema amerogwa. Wiki zinapita bure. Kwetu Kenya, hasa Nyanza, Magharibi na Pwani, uvimbe wa namna hii unaweza kuwa saratani iitwayo limfoma ya Burkitt. Hukua haraka sana. Lakini ikiwahiwa, dawa huweza kuiponya kabisa.

Hebu leo tujifunze jinsi ujuzi huu ulivyopatikana, na kwa nini pesa za kumlipa daktari kijana afanye utafiti siyo pesa za kutupa.

Alianza na pauni 25

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago huko Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Baadaye kidogo akamwona mwingine Jinja. Akajiuliza, mbona hawa wanafanana?

Serikali ilimpa msaada wa pauni 25 tu. Alichapisha karatasi zenye picha, akazituma kwa hospitali nyingi za Afrika kuuliza kama wameuona ugonjwa huo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walipanda gari kuukuu wakasafiri wiki 10, kama kilomita 16,000, mpaka Afrika Kusini. Safari nzima iligharimu pauni 678. Ikaonekana kwamba ugonjwa huu uko zaidi sehemu za joto na mvua, zile zile zenye malaria nyingi, na ni nadra nyanda za juu zenye baridi.

Mwaka 1967 kituo cha kutibu na kuchunguza limfoma kilifunguliwa Kampala kwa fedha za Marekani, kikiongozwa na daktari kijana, John Ziegler. Mwaka 1972, wakati wa utawala wa Idi Amin, Wamarekani waliondoka. Je, kazi ilikufa? Hapana. Daktari Mganda, Charles Olweny, alishika usukani. Kituo hicho ndicho leo Taasisi ya Saratani ya Uganda. Hapa pana fundisho: mgeni akiondoka, kazi huokolewa na mwenyeji aliyeandaliwa.

Fedha hizo hufanya nini?

Daktari kijana ana foleni ya wagonjwa asubuhi hadi jioni. Akiona kwamba watoto wengi wanaacha matibabu katikati, anapata wapi nafasi ya kuchunguza sababu? Ni nauli? Ni dawa kukosekana? Ufadhili wa utafiti humlipa mshahara kwa miaka miwili au mitatu, ili siku kadhaa za wiki ziwe za kuweka kumbukumbu, kufuatilia familia na kujifunza chini ya daktari mzoefu.

Kule Marekani, shirika la St. Baldrick's hukusanya pesa kwa watu kunyolewa vichwa hadharani. Lilianza mwaka 2000, na sehemu ya fedha hulipia madaktari vijana wa saratani ya watoto. Ni harambee kama zetu tu! Hapa Afrika Mashariki, mafunzo ya madaktari wa fani hii yalianza Kampala mwaka 2016.

Haja ni kubwa. Shirika la Afya Duniani linasema watoto na vijana wapatao 400,000 hupata saratani kila mwaka. Nchi tajiri huponya zaidi ya 80 kwa kila 100. Nchi nyingi maskini hazifikishi 30. Mtoto ni yule yule. Tofauti ni mahali alipozaliwa.

Sisi tufanye nini?

1. Mtoto akivimba taya, tumbo au shingo, apelekwe hospitali mara moja.
2. Tukichanga kwa ajili ya matibabu, tukumbuke nauli za kurudi kliniki hadi dawa ziishe.
3. Tukimsomesha kijana udaktari, tusimdai matunda mapema. Akiomba miaka ya utafiti, tumwunge mkono.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini kazi ya Kampala haikufa mwaka 1972?
2. Kijijini kwetu, ni nini humchelewesha mtoto mgonjwa kufika hospitali?
3. Kama kikundi chetu kingekuwa na pesa kidogo kama zile za Burkitt, tungeanza na swali gani?