Mwindaji Mavizioni: Jinsi Wanyama Wakubwa Wanavyomgundua Binadamu

Karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Wahadzabe wana desturi ya kuvizia wanyama usiku penye maji, mwishoni mwa kiangazi. Wakati huo maji husalia mahali pachache, na wanyama hawana budi kuyafuata. Mwindaji hujificha akangoja na upinde wake. Kwa kuwa mshale haufiki mbali, ni lazima mnyama asogee karibu bila kutambua kwamba anatazamwa.

Je, ni kitu gani hasa kimfichacho mtu? Wengi watajibu: majani. Jibu hilo ni la kiumbe anayetegemea macho kuliko pua. Tuichunguze milango ya fahamu ya mnyama mwenyewe.

1. Pua

Tembo ana jeni zipatazo 2,000 za kupokea harufu; binadamu anazo 400 hivi. Katika utafiti wa Amboseli, Kenya, uliotangazwa mwaka 2007, tembo waliwekewa nguo zilizovaliwa na wanaume wa Kimasai, ambao vijana wao huwachoma tembo mikuki, na za wanaume wa Kikamba, ambao ni wakulima. Harufu ya Wamasai iliwafanya wakimbie kwa kasi zaidi na kwenda mbali zaidi.

Mchukuzi wa harufu ni upepo. Mchana jua hupasha mteremko joto. Hewa iliyo juu yake hupungua uzito na kupanda. Jioni mteremko hupoa, na hewa baridi, iliyo nzito, hutiririka bondeni mfano wa maji. Basi kificho kilichofaa adhuhuri chaweza kumsaliti mwindaji usiku: akiketi mteremkoni, juu ya kisima, harufu yake itafika majini kabla ya mnyama.

2. Macho na masikio

Swala na nyati wana aina mbili tu za chembe za kutambua rangi, ilhali binadamu ana tatu; kwao nyekundu na kijani hazipambanuki vizuri. Lakini macho yao yako kando ya kichwa, huona karibu pande zote, na ni mepesi kutambua mwendo. Masikio nayo hugeuzwa kuelekea penye sauti. Hivyo kutulia kwafaa kuliko vazi la kijani.

3. Faida ya kujificha

Aliyejificha vema hupata muda wa kutazama: ni dume au jike? Ana ndama? Mnyama aliyeshtuka hupigwa kwa haraka, akajeruhiwa badala ya kufa. Na nyati aliyejeruhiwa ni hatari kubwa kwa mwindaji. Nchini Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Tanzania huhitaji kibali. Lakini elimu hii humfaa pia mtafiti asiye na silaha, kwani mnyama asiyejua kwamba anatazamwa ndiye anayeonyesha tabia zake halisi.

Zoezi

Funga majivu makavu katika kitambaa chepesi. Kitikise mteremkoni karibu na shule asubuhi, adhuhuri na saa 12 jioni, kwa siku 7. Andika mwelekeo wa majivu kila mara. Je, ungejificha wapi kila wakati, na kwa nini?