KUSAFISHA ALUMINI: DAWA IPI TUITUMIE, IPI TUIKATAE?



Somo letu la leo linahusu kazi ambayo wengi wetu tunaifanya kila siku bila kuifikiria: kusafisha vyombo na mashine za alumini. Tumeamua kulitoa kwa sababu ya jambo lililompata mwenzetu mmoja.

Mama mmoja wa jikoni, katika kiwanda ambacho hatutakitaja, aliagizwa asafishe sufuria kubwa iliyoungua maharage. Msimamizi alimpa chupa ya soda iliyojaa chembe nyeupe, akamwambia azimwage ndani ya sufuria na kuongeza maji ya moto. Chupa ile haikuwa na lebo. Zile chembe zilikuwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni na kuzibulia mabomba. Mara maji yakaanza kutokota yenyewe, povu likapanda, likamrukia mkononi na jichoni. Jicho lilipona, lakini alikaa wiki kadhaa bila kazi. Sufuria nayo ilitoboka. Mwisho wa mwezi msimamizi akataka bei ya sufuria ikatwe katika mshahara wa mama huyu.

Mjumbe wetu aliuliza maswali matatu. Dawa hii ilinunuliwa na nani? Lebo yake iko wapi? Nani alimfundisha mama huyu kuitumia? Hakuna aliyejibu, na mshahara haukukatwa. Lakini sisi hatukuridhika. Chama hakiwezi kungoja mtu aumie ndipo kiulize maswali. Tujifunze mapema.

1. ALUMINI NI KITU CHA NAMNA GANI?

Alumini ni metali nyepesi. Uzito wake ni kama theluthi moja ya uzito wa chuma cha ujazo uleule. Kwa sababu hiyo hutengenezewa sufuria, mapipa ya maziwa, ngazi, fremu za madirisha, vifuniko vya mota na giaboksi, na hata mabawa ya ndege zinazotua Kamembe. Mlinzi wa lango mwenye bastola naye huenda ameshika alumini: baadhi ya bastola zina mtutu wa chuma lakini mwili wake ni wa alumini. Bastola ya Beretta iliyochukuliwa na jeshi la Marekani mwaka 1985 ni ya namna hiyo.

Tutaitambuaje? Sumaku haiishiki. Ukiinyanyua ni nyepesi. Ukiikwaruza, mkwaruzo huwa mweupe, wala haipati kutu nyekundu. Kuna chuma cha pua ambacho nacho hakishikwi na sumaku, lakini hicho ni kizito.

Watu husema alumini haipati kutu. Ukweli ni kwamba alumini hupata kutu yake mara tu inapokutana na hewa. Kutu hiyo huitwa oksidi. Haionekani kwa macho, ni nyembamba mno, nayo huganda juu ya metali kama ngozi. Kutu ya chuma humomonyoka na kuacha chuma kiendelee kuliwa, bali ngozi ya alumini hushikamana na kuikinga. Basi siri yote ni hii: ngozi ikiwa nzima, chombo ni kizima. Dawa inayoyeyusha ngozi hiyo inaua chombo.

2. NI NINI HUILA NGOZI HIYO?

Wataalamu hupima ukali wa dawa kwa kipimo kiitwacho pH, kuanzia 0 hadi 14. Maji safi yako katikati, kwenye 7. Chini ya 7 ni asidi, kama ndimu, siki na maji ya betri. Juu ya 7 ni alkali, kama magadi, maji ya majivu na kostiki. Ngozi ya alumini hudumu katikati, tuseme kati ya 4 na 9. Ukitoka pande hizo mbili, ngozi huanza kuyeyuka.

Hapa ndipo wengi tunapokosea. Kila mtu anajua kwamba asidi ni kali. Lakini alkali hatuiogopi, kwa kuwa ni ndugu ya sabuni. Kwa alumini, alkali kali ni adui mkubwa. Ushahidi uko kwenye viwanda vyenyewe vya alumini. Tangu Karl Josef Bayer alipovumbua njia yake mwaka 1888, viwanda hivyo hutumia kostiki kuyeyusha oksidi ya alumini na kuitoa katika udongo wa boksiti. Ikiwa kostiki ndiyo inayotumika kuyeyushia oksidi kiwandani, itashindwaje kuiyeyusha juu ya sufuria yetu?

Ngozi ikiondoka, kostiki huila metali yenyewe. Joto jingi hutoka, na pamoja nalo hutoka gesi ya haidrojeni. Gramu 1 tu ya alumini ikiliwa hutoa zaidi ya lita 1 ya gesi hiyo. Haidrojeni haina harufu wala rangi, na ikifika sehemu 4 katika kila 100 za hewa inaweza kuwaka kwa cheche moja. Kwa hiyo povu lililomrukia mama yule halikuwa uchafu unaotoka. Ilikuwa sufuria inayogeuka gesi. Ndiyo maana pia kostiki haihifadhiwi kamwe ndani ya kopo la alumini lililofungwa: kopo litajaa gesi na kupasuka.

Dawa nyingine za kuangalia ni hizi:

Javeli, ambayo wengine huiita jiki. Ni nzuri kwa kuua vijidudu sakafuni, lakini klorini yake huchimba vishimo vidogo katika alumini. Isilowekwe humo.

Asidi za kusafishia choo na za kuondolea saruji. Hizi hula alumini, na mvuke wake huumiza kifua.

Maji ya chumvi. Yakikaukia juu ya alumini huanzisha vishimo. Suuza, kausha.

Magadi na maji ya majivu. Ukali wake ni mdogo kuliko wa kostiki, lakini akina mama wanajua kwamba sufuria ya alumini iliyochemshiwa magadi hugeuka nyeusi. Weusi huo ni dalili kwamba ngozi imeguswa.

Waya wa kusugulia na brashi za shaba. Hukwaruza ngozi, na vipande vyake vidogo vikibaki juu ya alumini yenye unyevu, alumini huanza kuliwa mahali hapohapo.

3. HAPA KWETU RUSIZI

Mwenzetu wa saruji anaweza kusema, "Mimi siguswi na kostiki." Anaguswa. Kiwanda cha CIMERWA kule Bugarama kimekuwa kikitoa saruji tangu mwaka 1984, na saruji iliyolowa maji, popote ilipotengenezwa, ina pH ya 12 au zaidi. Huo ni ukali wa alkali kabisa. Ndiyo sababu saruji mbichi huchoma magoti na vidole vya fundi, na ndiyo sababu huacha mabaka meupe kwenye fremu ya dirisha la alumini. Mafundi wa matofali mepesi hata huitumia tabia hiyo: huchanganya unga wa alumini katika saruji ili gesi ya haidrojeni iumue tofali kama hamira inavyoumua mkate. Kwa hiyo saruji mbichi ikirukia ngazi, mota au fremu ya alumini, ioshe kwa maji mengi papo hapo. Ikishaganda, usiimwagie asidi. Ibandue taratibu kwa kijiti cha mbao.

Wenzetu wa chai kule Shagasha, na wa vituo vya kuoshea kahawa vilivyotapakaa katika vilima vyetu, wanafanya kazi penye maji na masizi ya kuni. Jivu la kuni likilowa ni alkali. Lisiachwe kulala usiku kucha juu ya kifuniko cha mota wala ndani ya sufuria ya chai.

Tena sisi ni watu wa mpakani. Dawa nyingi huvuka Mto Rusizi kutoka Bukavu au kuja kutoka Kigali zikiwa katika mapipa, kisha hupimwa sokoni katika chupa za soda na za mafuta. Dawa ikishahamishwa chupa imepoteza jina lake. Dawa isiyo na jina tusiipokee.

4. JINSI YA KUCHAGUA NA KUTUMIA

Kwanza, jua unachosafisha. Je, ni alumini, chuma, au vyote viwili? Mashine ikiwa na vyote viwili, chagua dawa inayofaa alumini, maana hiyo haitadhuru chuma.

Pili, soma lebo. Ukiona kostiki, hidroksidi ya sodiamu au ya potasiamu, amonia, klorini au asidi ya hidrokloriki, weka kando. Alama ya mkono na metali vinavyodondokewa na kuliwa maana yake ni kwamba dawa hiyo huunguza ngozi ya mtu na kula metali. Usidanganywe na maneno "huondoa mafuta yote". Dawa nyingi za kuondolea grisi katika vyuma ni alkali kali.

Tatu, anza na kilicho laini. Kwa uchafu wa kawaida, sabuni laini ya vyombo, maji ya uvuguvugu na kitambaa au brashi ya plastiki vinatosha. Kwa sufuria iliyoungua, loweka kwa maji ya moto na sabuni, kisha kwangua kwa mwiko wa mbao. Kwa sufuria iliyogeuka nyeusi, chemsha kwa muda mfupi maji yenye siki kidogo au ndimu, kisha suuza. Siki ni asidi dhaifu, haina madhara kwa dakika chache, lakini isilale humo.

Nne, kwa grisi na mafuta ya mashine, tumia mafuta ya taa kidogo kwenye kitambaa, mashine ikiwa imezimwa na imepoa, mbali na moto, milango ikiwa wazi. Kisha futa kwa maji ya sabuni, kausha. Chombo cha chakula kisiguswe na mafuta ya taa.

Mlinzi wa bastola afuate kanuni hiyohiyo: atumie dawa ambayo lebo yake inasema inafaa alumini, apanguse badala ya kuloweka, akaushe, apake mafuta membamba. Na kabla ya yote ahakikishe bastola haina risasi hata moja.

Tano, jaribu mahali padogo pasipoonekana. Ngoja dakika chache. Ukiona povu, weusi au mabaka meupe, acha.

Sita, usichanganye dawa. Javeli ikikutana na asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huchoma mapafu. Ikikutana na amonia hutoa gesi nyingine ya sumu.

5. IKITOKEA AJALI

Dawa kali ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, ukilishika jicho wazi, kisha mpeleke mgonjwa kituo cha afya pamoja na chupa au lebo ya dawa. Usitie siki ili "kuua" kostiki, utaongeza jeraha. Nguo iliyolowa ivuliwe mara moja. Alkali huweza kuingia ndani ya nyama ya mwili kabla maumivu hayajawa makali, kwa hiyo usingoje maumivu.

6. HAKI YETU

Mwaka 1990, mkutano wa Shirika la Kazi la Kimataifa mjini Geneva ulipitisha Mkataba Na. 170 kuhusu kemikali kazini. Mkataba huo unasema kemikali ziwe na lebo, mwajiri awe na karatasi za maelezo ya usalama na azionyeshe kwa wafanyakazi, na wafanyakazi wafundishwe. Unasema pia kwamba mfanyakazi mwenye sababu ya haki ya kuamini kwamba kuna hatari kubwa iliyo karibu anaweza kujiondoa penye hatari hiyo, amjulishe msimamizi mara moja, na asiadhibiwe kwa kufanya hivyo. Sheria ya kazi ya Rwanda, Na. 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018, nayo inamtaka mwajiri kulinda afya na usalama mahali pa kazi.

Kwa hiyo yale maswali matatu ya mjumbe wetu si ukaidi. Glavu, miwani na lebo si zawadi ya msimamizi. Na chombo kikiharibika kwa dawa iliyotolewa bila jina na bila mafunzo, kosa si la aliyeishika brashi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Taja vitu vitano vya alumini katika sehemu yako ya kazi. Vinasafishwa kwa dawa gani?
2. Ni chupa ngapi zisizo na lebo zilizoko katika stoo yenu? Nani atazungumza na mwajiri juu ya hizo, na lini?
3. Maji ya kuoshea macho yako wapi? Je, mtu aliyefumba macho anaweza kuyafikia?
4. Kwa nini povu katika sufuria ya alumini si dalili ya usafi?

Ndugu, kabla ya kufungua chupa yoyote wiki hii, uliza jina lake. Asiyelijua asikupe, na wewe usipokee.