Siku za Ziada Baada ya Safari ya Kuongozwa: Somo kwa Mlaji Anayezuru Katavi

Msomaji wa kijitabu hiki huenda tayari anafahamu namna ya kuchagua kampuni ya utalii na namna ya kusoma mkataba wa safari. Katika somo hili tunalitazama jambo ambalo aghalabu huachwa bila kupangwa, nalo ni siku mbili, tatu au nne ambazo msafiri hubaki nazo baada ya safari ya kuongozwa kwisha. Azitumie wapi? Na atajuaje kwamba fedha anayoitoa kwa siku hizo ina ulinzi?

Tumechagua mfano wa Mkoa wa Katavi, uliomegwa kutoka Rukwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Mpanda. Sababu ni kwamba huko umbali ni mkubwa, usafiri haupatikani kila saa, na kosa dogo la hesabu laweza kumgharimu mtu siku ya kazi au akiba ya kaya. Aliyejifunza kupanga siku za ziada Katavi atazipanga popote.

1. Mkataba unakwisha wapi na saa ngapi?

Safari ya kuongozwa ni kifurushi. Bei moja hubeba gari, dereva, mwongoza watalii, malazi, chakula na, mara nyingi, ada za hifadhi. Kifurushi kikifika mwisho, kila kimojawapo cha vitu hivyo huanza kulipiwa peke yake. Siku ya ziada huwa na nauli, kitanda, chakula na ada zake, na msafiri ndiye mratibu wa vyote.

Kwa hiyo swali la kwanza lahusu mkataba, kabla ya kuuliza wapi pazuri. Tangazo likisema "Siku 5 Katavi", hesabu ni usiku mangapi na ni siku ngapi kamili ndani ya hifadhi. Siku ya kuwasili na siku ya kuondoka huhesabiwa katika tano hizo, ingawa huenda zote mbili ukazimaliza barabarani. Kisha uliza kampuni itakuacha wapi: stendi ya mabasi Mpanda, uwanja wa ndege, au lango la hifadhi Sitalike? Kati ya Sitalike na Mpanda ni mwendo wa kilomita zisizofika 50, lakini kwa mtu aliyeachwa langoni na mizigo jioni, kilomita hizo si chache.

2. Hesabu kutoka mwisho kuja mwanzo

Wasafiri wengi huanza na orodha ya mahali wanapopatamani. Sisi tunashauri kuanza na saa unayopaswa kuwa nyumbani au kazini, kisha kurudi nyuma. Tutoe mfano wa kubuni.

Watumishi sita wa ofisi moja mjini Tabora wamekwenda Katavi mwezi Julai. Safari yao ya kuongozwa inakwisha Jumapili saa sita mchana, mjini Mpanda. Kazini wanatakiwa Alhamisi asubuhi. Kwa haraka wanasema, "Tuna siku nne." Sasa tuzihesabu.

Jumatano ni siku ya basi kwenda Tabora, barabara ya kupitia Koga yenye urefu wa kilomita zipatazo 340. Kwa kuwa basi huondoka mapema, usiku wa Jumanne lazima walale Mpanda. Jumapili imebaki nusu, na nusu hiyo itaishia katika kutafuta malazi na kupumzika. Siku kamili zilizosalia ni Jumatatu na Jumanne tu, na hata Jumanne inapaswa kwisha wakiwa mjini. Siku nne zimekuwa mbili.

Wasitegemee kwamba wakikosa basi watapanda treni. Treni ya abiria ya reli itokayo Tabora kupitia Kaliua haifiki Mpanda kila siku. Ndege nazo zina siku zake, na ratiba hubadilika. Nauli na siku ya usafiri wa kurudi vithibitishwe kabla ya kulipia kitanda chochote cha ziada.

3. Mahali panne, na nani panamfaa

*Sitalike na hifadhi yenyewe.* Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilitangazwa mwaka 1974, na baada ya kupanuliwa ina eneo la kilomita za mraba 4,471. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Oktoba, maji ya Mto Katuma hupungua na viboko hubanana kwa mamia katika mabwawa yaliyobaki, huku makundi makubwa ya nyati yakifuata malisho ya mbuga za Katavi na Chada. Karibu na Ziwa Katavi kuna mkwaju unaoaminiwa na Wabende kuwa makazi ya roho ya Katabi, mwindaji aliyeipa nchi hiyo jina lake, na watu bado huacha sadaka chini yake. Anayetaka kuwatazama wanyama bila kukimbizana na ratiba ya kundi atafaidika kwa kubaki hapa.

Gharama kubwa hapa ni gari, kwa kuwa ndani ya hifadhi huwezi kutembea kwa miguu bila askari wa hifadhi. Asiye na bajeti ya gari bado anaweza kulala Sitalike, nje ya lango, na kuwatazama viboko wa mtoni kwa gharama ndogo zaidi. Mvua zikianza, kwa kawaida Novemba hadi Aprili, viboko hutawanyika na njia nyingi za hifadhi huwa matope. Siku ya ziada wakati huo yaweza kuishia kwenye gari lililokwama.

*Karema na mwambao wa Ziwa Tanganyika.* Karema iko magharibi mwa Mpanda, zaidi ya kilomita 100. Wabelgiji wa Jumuiya ya Kimataifa ya Afrika, iliyoanzishwa na Mfalme Leopold wa Pili, walijenga kituo chao hapo mwaka 1879. Mwaka 1885 kikapita mikononi mwa Wamisionari wa Afrika, yaani White Fathers. Leo Karema ina bandari mpya inayotazama upande wa Kongo. Apendaye historia na ziwa atafurahi, ila safari hii hudai usiku mmoja huko na siku moja ya akiba. Wale watumishi wetu wangekwenda Jumatatu na kurudi Jumanne. Gari likiharibika Jumanne, basi la Jumatano limewapita.

*Mahale.* Hifadhi ya Milima ya Mahale, iliyotangazwa mwaka 1985, iko mkoani Kigoma na ni maarufu kwa sokwe. Matangazo hupenda kuitaja pamoja na Katavi kana kwamba ni mlango wa pili. Ukweli ni kwamba haina barabara ndani yake. Hufikiwa kwa boti au kwa ndege ndogo ya kukodi. Tena mwenye mafua au ugonjwa wa kuambukiza haruhusiwi kuwakaribia sokwe, hivyo waweza kulipa nauli yote na kuzuiwa kwa sababu ya kikohozi. Mahale yastahili safari yake yenyewe. Kwa siku mbili za mabaki, bila ndege, tunashauri kuiacha.

*Sumbawanga na Maporomoko ya Kalambo.* Kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 200 kuelekea kusini, kisha safari huendelea kupitia Matai hadi maporomoko yenyewe, ambapo maji huanguka zaidi ya mita 200 mpakani mwa Tanzania na Zambia. Kwa anayerudi nyumbani kupitia Tunduma na Mbeya, hapa ndipo mahali pa kwanza pa kufikiria, kwa kuwa kila kilomita inamsogeza nyumbani. Kwa anayerudi Tabora, kila kilomita inamwondoa.

Katika mambo yote ya kupima, tunalipa uzito zaidi swali hili: je, mahali hapo pako njiani kwako? Mahali pa wastani palipo njiani mara nyingi humpa msafiri saa nyingi za kufurahia kuliko pazuri palipo kinyume cha njia.

4. Gawanya gharama kwa wale watakaobaki kweli

Turudi kwa watumishi sita. Tuseme gari la kukodi kwa siku ndani ya hifadhi ni shilingi 300,000. Tarakimu hii ni ya mfano wa hesabu tu. Wakiwa sita, kila mmoja atatoa 50,000. Wawili wakibadili nia na kuondoka Jumapili, wanne waliobaki watatoa 75,000 kila mmoja. Bei ya gari haikupanda; wachangiaji wamepungua. Ndiyo maana uamuzi wa nani anabaki ufanywe kabla ya safari, na mchango ukusanywe mapema. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Ongeza ada ya kuingia hifadhini, ambayo hutozwa tena muda wa kibali ukipita. Uliza kibali chako kinakwisha saa ngapi. Chukua kitambulisho cha taifa, kwa kuwa ada ya raia ni ndogo mno kuliko ya mgeni, na uthibitisho wa uraia ni juu yako.

5. "Bakini, nitawapangia"

Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea. Siku ya mwisho, dereva au mwongoza watalii aliyewahudumia vizuri huwaambia wageni: "Bakini, nitawapangia mimi mwenyewe, bei nafuu." Huenda ni mtu mwema kabisa. Lakini je, anasema kwa niaba ya kampuni au kwa niaba yake? Ukimtumia fedha kwenye simu yake binafsi, bila karatasi, kampuni inaweza kusema haihusiki. Gari likikosekana kesho asubuhi, utakuwa unamdai mtu mmoja na si mfanyabiashara mwenye leseni.

Kabla ya kulipa, timiza haya:

1. Omba kampuni iandike siku za ziada kama nyongeza ya mkataba, ikitaja tarehe, huduma, bei na mahali pa kuachwa. Ujumbe wa simu kutoka kwa ofisi ya kampuni ni bora kuliko neno la mdomo.
2. Hakikisha mtoa huduma ana leseni ya biashara ya utalii kwa mujibu wa Sheria ya Utalii ya mwaka 2008.
3. Lipa kwa akaunti au namba ya malipo yenye jina la kampuni, na udai risiti ya kielektroniki. Ada za hifadhi hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, si kwa kumkabidhi mtu fedha taslimu.
4. Uliza, na iandikwe, utarejeshewa kiasi gani ukiahirisha wewe, na kiasi gani akishindwa yeye.
5. Hakiki bima ya gari kwa namba yake ya usajili kupitia mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ziwani, usipande boti isiyokuwa na jaketi la kuokolea kwa kila abiria.

Atakayekasirika kwa kuulizwa maswali haya amekwisha kukujibu.

6. Mambo yakiharibika

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu huduma anayouza. Aliyeuza "usafiri hadi Mahale" ilhali alijua hana boti amegusa sheria hiyo. Anza kwa kumwandikia mtoa huduma, ukieleza ulichoahidiwa, ulichopata na unachodai, na umpe siku za kujibu. Asipojibu, peleka lalamiko Tume ya Ushindani. Jambo likihusu basi, ni la LATRA. Likihusu chombo cha majini, ni la TASAC. Pale ambapo fedha imechukuliwa kwa hila na mtu ametoweka, toa taarifa polisi mara moja.

Tunza tangazo, risiti, tiketi na ujumbe wa simu. Lalamiko lisilo na karatasi ni gumu kulisaidia, hata pale mlalamikaji anaposema kweli tupu.

Maswali ya kujipima

(a) Mkataba wako unakwisha mji gani, siku gani na saa ngapi?
(b) Siku gani na kwa chombo gani utarudi, na tiketi umekwisha kuipata?
(c) Ukitoa siku ya kurudi na siku moja ya akiba, zimebaki siku ngapi kamili?
(d) Mahali unapopataka pako njiani kwako au kinyume chake?
(e) Wenzako wawili wakijitoa, bado unaimudu gharama?
(f) Anayepokea fedha yako ni kampuni au ni mtu binafsi?

Kama jibu la (c) ni siku moja au hakuna kabisa, ushauri wetu ni kutokwenda mbali: lala Mpanda au Sitalike, pumzika, kisha uanze safari ya nyumbani kwa wakati. Karema na Kalambo zitapangiwa mwaka mwingine, kwa siku za kutosha.