Dondoo muhimu: Ofisi Gisenyi, ghala Goma

Kutoka Gisenyi, Rwanda, kupitia kivuko cha mpaka cha Petite Barrière hadi Goma, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni hatua chache tu, lakini umeingia mfumo mwingine wa kodi.

Usichanganye ushuru wa forodha na kodi ya mapato. Karatasi iliyogongwa muhuri mpakani inahusu mzigo. Faida ya kampuni ina hesabu yake.

Wengi hunaswa hapa: una mtu Goma, ameshika funguo za ghala na anasaini mauzo kwa jina la kampuni. Kongo inaweza kusema una kituo cha kudumu cha biashara huko, ikadai kodi ya faida inayotokana nacho.

Rwanda na Kongo zilisaini mkataba wa kuepuka kutoza kodi mara mbili mjini Goma, Juni 2021. Lakini kusainiwa si kuanza kutumika. Kwa mfano, ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa 2010, ukakwama kwenye kuridhiwa. Uliza Mamlaka ya Mapato ya Rwanda kama mkataba na Kongo unatumika kabla hujapanga bei.

Ili uwe na ushahidi wa kodi uliyokwisha kulipa, mteja wa ng'ambo akikukata kodi ya zuio kwenye malipo yako, dai stakabadhi siku hiyohiyo, yenye jina la kampuni jinsi lilivyosajiliwa, herufi kwa herufi.