Deki ya CD: Kabla ya Kununua, Tambua Kasoro Iliko

Katika Kata ya Segese, kama ilivyo kwingineko katika ukanda wa machimbo ya dhahabu wa Shinyanga na Geita, fedha ya dhahabu au ya mpunga haiji kila siku. Ikipatikana, mwenye hazina ya CD za kwaya au dansi hutamani kuzisikia vizuri zaidi. Somo hili linamsaidia mlaji kujua kifaa kinachostahili kubadilishwa kabla hajalipa.

Deki ya kawaida hufanya kazi mbili: husoma namba zilizoandikwa kwenye CD, kisha huzigeuza kuwa sauti. Zipo pia deki za kusomea tu, ambazo huuzwa kwa bei kubwa na kwa ahadi ya sauti bora. Deki hizo hazina kigeuzi cha sauti ndani yake. Anayeiunganisha na amplifaya isiyo na tundu la waya wa kidijitali, bila kununua kigeuzi cha pembeni, hatasikia chochote.

Muziki wa CD umehifadhiwa kwa vipimo 44,100 kila sekunde, upande wa kushoto na wa kulia, na kila kipimo kina biti 16. Leza huvisoma, na deki husahihisha makosa madogo yatokanayo na mikwaruzo. Deki mbili zikisoma namba zilezile bila kosa, kigeuzi kizuri hutoa sauti ileile. Kwa hiyo, deki ya gharama yaweza kusoma bila kurukaruka na kudumu zaidi. Haiwezi kuongeza kisichokuwamo kwenye CD.

Tunashauri ufuate hatua hizi:

1. Kagua CD. CD ya kawaida ya muziki haizidi sana dakika 80. Ikiwa moja ina nyimbo za saa nyingi, yaelekea zimebanwa kwa mtindo wa MP3. Zikibanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde, hubaki takriban sehemu moja kati ya 11 ya taarifa za awali. Hakuna deki itakayorudisha kilichoondolewa.

2. Kagua lenzi. Vumbi huifanya deki irukeruke au ikatae kusoma. Mpe fundi aisafishe kwanza.

3. Cheza wimbo kutoka kwenye simu kupitia amplifaya na spika zilezile. Sauti ikikwaruza bado, kasoro haiko kwenye deki.

4. Kagua umeme. Deki iliyotumika kutoka Japani yaweza kuwa ya volti 100, ilhali umeme wetu ni wa volti 230. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuichomeka.

Ukiridhika kwamba deki ndiyo yenye kasoro, nenda dukani na CD yako mwenyewe, uisikilize kwenye deki unayokusudia kununua na kwenye nyingine ya bei nafuu. Usipotambua tofauti, baki na fedha yako. Ukinunua, dai risiti inayotaja aina ya kifaa, na dhamana iwe kwa maandishi.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa. Risiti na dhamana ndizo ushahidi wako endapo ahadi uliyopewa dukani haitatimia nyumbani.