MBWA WENGI: KUFUGA AU KURUNDIKA?

Ndugu wanavikundi, hapa Mboghoni mbwa ni askari wa shamba. Nyani wakiingia kwenye mahindi au ndizi, yeye ndiye anayepiga kelele. Kwa hiyo kuwa na mbwa watano si kosa.

Shida si hesabu, ni matunzo. Mfugaji anawajua mbwa wake mmoja mmoja: nani amekula, nani mgonjwa, nani amechanjwa. Anayerundika huongeza mbwa tu, na chakula ni kile kile. Wanakonda, wanazaana ovyo, wanazurura. Mara nyingi mtu huyu anawapenda kweli. Basi asichekwe, asaidiwe.

Hatari kubwa ni kichaa cha mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa wachanjwe kila mwaka. Wakichanjwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Someni Mithali 12:10, kisha mjadiliane:

1. Kwako nyumbani, mbwa wangapi wamechanjwa?
2. Jirani aliyelemewa na mbwa, tumsaidie vipi?