Ukienda kumwona mamba wa bwawani

Mtu wa huku kwetu Kitai hahitaji tiketi ili awe karibu na mamba. Mto Ruvuma unao, na ukishuka Lituhi hadi Ziwa Nyasa utawakuta huko pia. Ila huyo wa bure ni vigumu kumtazama kwa utulivu. Ukimwona vizuri, ujue naye amekuona zamani. Kwa hiyo familia inayokwenda Dar es Salaam kwa harusi au matibabu, ikipata nafasi, ifike Kaole, Bagamoyo, jirani na magofu, ambako mamba wanafugwa. Aliyefika Mombasa aulizie Mamba Village, Nyali.

Usitegemee kumkuta yule mamba wa maji chumvi anayevuma kwenye video. Huyo makazi yake yanaanzia mashariki mwa India hadi kaskazini mwa Australia. Mmoja wao, Lolong, aliyekamatwa Ufilipino mwaka 2011, alipimwa mita 6.17. Hapa kwetu utaonyeshwa mamba wa Nile, jamii ileile ya Ruvuma. Dume lililokomaa hufikia mita 4 au 5, na kwa kweli hizo zinatosha.

Utamkuta amelala kama gogo, kinywa wazi. Hajakasirika; anapunguza joto la mwili. Wala hajalala fofofo, kwa hiyo acha kumrushia kokoto ili asogee upate picha. Mtoto asikalishwe juu ya ukuta wa bwawa hata kidogo. Simu ikidondoka ndani, mwite mhudumu, usiinamie.

Mhudumu akikupa kitoto cha mamba kilichofungwa mdomo, kitazame jicho: kuna ngozi nyembamba, angavu, inayopita juu yake kama pazia. Jino la nne la taya la chini hubaki nje hata mdomo ukifungwa. Uliza kwa nini kamba nyembamba inatosha kumzuia. Misuli ya kufunga taya ina nguvu za kutisha, lakini ya kufungua ni dhaifu. Uliza na habari za mayai, maana jinsia ya kitoto huamuliwa na joto la kiota: kwenye nyuzi 30 hivi hutoka majike, kwenye 33 wengi ni madume. Ukishakirudisha, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula. Wanyama hawa hubeba bakteria wa salmonela.

Ukiweza, subiri wakati wa kulishwa. Wengi hukodolea macho nyama, mimi nakushauri utazame maji kabla nyama haijafika. Mamba huzoea saa na nyayo za mlishaji, wakamsogelea kimyakimya, maji yametulia tuli. Na wa ziwani hujifunza vivyo hivyo: mama anayechota palepale, saa ileile kila siku, anamfundisha. Badilisha mahali na saa, chota kwa chombo chenye mpini mrefu, na usifue nguo ukiwa umesimama majini. Alfajiri, jioni na usiku ndizo saa mbaya zaidi.

Mamba akionekana bandarini kwenu, toeni taarifa serikali ya kijiji ili afisa wanyamapori wa wilaya aitwe. Msimuue wenyewe, wala msichukue mayai. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inambana anayefanya hivyo bila kibali. Na akijeruhi au kuua mtu, ripotini mapema: bila taarifa iliyoandikwa, familia itapata shida kudai kifuta machozi.